Shajara ya mradi: kuipima HD 189733 b kwa kamera ya kawaida kutoka Dodoma

Juni, mwanzoni

Ngoja nianze kuandika saivi maana nikiacha nitasahau nilifanya nini na kwa nini. Mradi ni huu: nataka kuipima sayari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona kwa macho, iko miaka ya nuru 64 na ushei kutoka hapa, inaitwa HD 189733 b. Ni dude la gesi, kubwa kuzidi Jupita kidogo tu, lakini limeisogelea nyota yake mpaka mwaka wake mzima unaisha kwa siku 2.2. Yaani sisi tukitoka Jumatatu kufika Jumatano usiku, huko mtu angeshafunga mwaka.

Kuiona moja kwa moja haiwezekani kwa vifaa vyangu wala kwa vya watu wengi sana, ila kila inapokatiza mbele ya nyota yake (huko kukatiza ndo kunaitwa mpito) inaziba mwanga kidogo. Kidogo chenyewe ni kama asilimia 2.4, kwa muda wa saa 1.8 hivi, halafu mwanga unarudi ulivyokuwa. Hiyo ndiyo ninayoiwinda. Nataka nione grafu inashuka na kupanda kwa data niliyoipiga mwenyewe, alafu kutoka kwenye huo mshuko nitoe ukubwa wa sayari, umbali wake na joto lake. Namba zote zipo tayari kwenye makala za wataalamu, najua, lakini nataka zitoke mikononi mwangu ndo nizilinganishe.

Kwa nini hii na sio nyingine? Kwanza nyota yake inang'aa, magnitudi 7.7 (kipimo cha mng'ao, namba ikizidi kuwa kubwa nyota ni hafifu zaidi), hiyo hata darubini ndogo ya mkononi inaiona. Pili huo mshuko wa asilimia 2.4 ni mkubwa sana kwa mambo haya, sababu nyota yenyewe ni ndogo kuliko jua letu, kwahiyo sayari inaziba sehemu kubwa. Tatu ni majira. Nyota iko kwenye kundi la Mbweha, na kundi hilo linakuwa juu usiku mwezi wa saba na wa nane, yaani kiangazi chetu kabisa, Dodoma mbingu nyeupe hamna wingu wiki hadi wiki. Mtu wa Ulaya anapambana na usiku mfupi wa kiangazi chake, mi hapa nina usiku wa saa kumi na mbili kamili.

Ya nne ni ya moyoni. Sayari hii ilitangazwa 2005 na kina François Bouchy, na waliigundua kwenye kituo cha Haute-Provence kule Ufaransa kwa kifaa kinaitwa ELODIE, kilekile ambacho Michel Mayor na Didier Queloz walikitumia 1995 kuipata 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kupatikana ikizunguka nyota inayofanana na jua. Ile nayo ilikuwa gesi iliyojibana jirani na nyota yake, mzunguko wa siku 4.2, na watu wengi hawakuamini maana hakuna aliyefundishwa kwamba Jupita inaweza kukaa pale. 2019 wakapewa Nobeli. Nimeusoma huo ugunduzi mara nyingi na bado unanisisimua.

Juni, katikati

Vifaa. Kamera ni Canon ya zamani, lenzi ya 200mm inayofunguka f/2.8, stendi nzito, na treka ndogo ya kuzungusha kamera ifuate nyota. Laptopu. Betri ya gari ya kuwashia treka na laptopu maana tutakuwa shambani, nje ya mji upande wa Hombolo, kwenye zabibu za familia, hakuna taa za barabarani huko.

Shida ya kwanza imejitokeza kabla hata ya kupiga picha. Treka lazima ielekezwe kwenye ncha ya mbingu, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Watu wa kaskazini wana nyota yao inayokaa karibu kabisa na ncha, wanailenga wanamaliza. Sisi huku tuko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, kwahiyo ncha yetu ya kusini iko digrii 6 tu juu ya upeo, imelala kwenye vumbi na moshi na miti, na nyota zilizo karibu nayo ni hafifu hata ukiwa na mbingu safi. Haionekani. Nikaamua kutumia dira, nikarekebisha tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi, alafu mwinuko nikaupima kwa programu ya simu ya kupimia mteremko. Baada ya hapo unapiga picha za kujaribu, unaangalia nyota inateleza upande gani, unasogeza kidogo, unapiga tena. Inachukua muda lakini inakubali. Na uzuri wa kazi hii ni kwamba picha moja inafunguliwa sekunde 30 tu, kwahiyo sihitaji usahihi wa kupindukia.

Julai, mwanzoni

Leo nimeikamata nyota yenyewe kwa mara ya kwanza kwenye fremu na niko na furaha sana. Kuipata ni rahisi ukishajua njia: tafuta M27, lile wingu la gesi la nyota iliyokufa ambalo wengi wanalipiga picha, alafu sogea mashariki kidogo, umbali wa nusu ya upana wa mwezi mpevu. Hiyo hapo. Watu kibao wamepiga M27 bila kujua kwamba kwenye kona ya picha yao kuna nyota yenye sayari. Na hizo mbili hazina ujirani wowote wa kweli, M27 iko mbali zaidi ya miaka ya nuru 1,000, ni kwamba tu zimeangukia upande mmoja wa mbingu.

Nimefanya pia majaribio ya fokasi. Kwa picha ya kupendeza unataka nyota iwe nukta kali, lakini kwa kupima mwanga ni kinyume, unaitoa fokasi makusudi mpaka nyota inakuwa kiduara. Sababu ni kwamba nukta ikikaa kwenye pikseli mbili tatu, kila ikiteleza kidogo inaangukia pikseli nyingine ambazo hazina usikivu uleule, na namba zako zinaruka. Ukiisambaza kwenye pikseli nyingi hizo tofauti zinafutana, na pia pikseli hazijai mwanga haraka. Alafu unachukua rangi ya kijani peke yake kutoka kwenye faili la RAW, ile data ghafi ya kamera. JPEG usiguse, kamera inakuwa imeshachezea mwanga tayari.

Kuna kitu kimoja nilikuwa na wasiwasi nacho, nyota hii ina mwenzake mdogo, nyota nyekundu hafifu iliyopatikana 2006, na kwenye picha zangu zote mbili zinaingia kwenye kiduara kimoja. Nimepiga hesabu nikaona mwanga wake kwa rangi ya kijani ni mdogo mno mbele ya mkubwa wake, hausumbui chochote kwa usahihi ninaoufikia mimi.

Julai, bado

Mpwa wangu yuko likizo, kidato cha sita, PCM, nikamwingiza kwenye mradi. Nilipomwonyesha grafu za watu akaniuliza swali ambalo kwa kweli ndilo lenyewe: "Mjomba, kama sayari haionekani, tunajuaje sio doa tu la kwenye nyota?"

Swali zuri maana nyota hii ina madoa kwelikweli. Inajizungusha kwa siku kama 12, na madoa yake yanafanya mwanga wake upande na kushuka asilimia moja au zaidi. Nikamwambia angalia mwendo. Madoa yanabadilisha mwanga polepole kwa siku nyingi na hayarudii vilevile, yanazaliwa na kufa. Huu mshuko unakuja kila baada ya siku 2.2186, haukosi, unashuka ndani ya dakika ishirini na kitu, unatulia, unapanda, umbo lilelile miaka na miaka. Alafu kuna ushahidi wa pili ambao hautegemei mwanga kupungua kabisa: nyota inayumba. Sayari inaivuta huku na huku, na ELODIE ilipima nyota ikija kwetu na kurudi nyuma kwa mita kama 205 kwa sekunde, kwa mzunguko uleule wa siku 2.2. Jupita inaliyumbisha jua letu mita 12 na nusu tu kwa sekunde. Kutoka kwenye kuyumba huko ndo uzito unapatikana, kama mara 1.13 ya Jupita. Doa haliyumbishi nyota kwa namna hiyo.

Akakaa kimya alafu akasema basi na sisi tupime kuyumba. Nikamwambia hicho kifaa hatuna, sisi kazi yetu ni mwanga.

Kalenda yetu ikaandikwa pia, na yeye ndo aliyeipigia hesabu. Mizunguko 9 ni siku 19.967, kwahiyo mpito ukiuona leo, baada ya siku 20 unauona tena karibu saa ileile, umewahi kwa dakika 47. Mizunguko 5 ni siku 11 na saa 2 na dakika 14, kwahiyo baada ya siku 11 unaupata tena, umechelewa kidogo. Mingine yote katikati inaangukia mchana au nyota ikiwa chini. Ndiyo maana kila usiku wa mpito ni mali, ukiupoteza unasubiri.

Julai, mwishoni: mpito wa kwanza

Katikati ya mpito ilikuwa saa nne na nusu usiku. Tulifika shambani jua halijazama, tukapanga, tukaanza kupiga saa mbili na nusu ili tuwe na saa nzima ya mwanga wa kawaida kabla ya kushuka. Hiyo saa ya kabla na ile ya baada ni muhimu kama mpito wenyewe, bila hizo huna cha kulinganisha nacho.

Upepo. Mtu anayeijua Dodoma mwezi wa saba anajua upepo ninaousema, unaanza mchana unatakiwa utulie usiku, siku hiyo haukutulia. Tukaning'iniza ndoo ya mchanga chini ya stendi, tukasogeza gari liwe ukuta. Fremu nyingi zilitoka na nyota zimevutika. Alafu kama saa tano kasoro likaja wingu pana kutoka mashariki, kitu ambacho majira haya hakitokei mara nyingi, likafunika kila kitu mpaka usiku wa manane.

Kwahiyo tuna nusu. Lakini nusu yenyewe! Niliiendesha kwenye laptopu usiku uleule, programu inaitwa AstroImageJ, ni ya bure na inatumika sana kwa kazi hii. Unaionyesha nyota yako na nyota nyingine za jirani zenye mwanga unaokaribiana, inachora duara kwenye kila moja, inajumlisha mwanga ndani ya duara, inatoa mwanga wa mbingu unaouzunguka, alafu inagawanya nyota yako kwa jumla ya zile nyingine. Hapo ndipo siri ilipo. Hewa ikichafuka inapunguza nyota zote pamoja, vumbi likipita linapunguza zote pamoja, ukigawanya vyote hivyo vinatoweka na kinachobaki ni kile kinachotokea kwa nyota yako peke yake.

Nukta zimetawanyika vibaya, asilimia nusu juu na chini au zaidi, lakini ukiangalia kwa mbali unaona mstari umenyooka, alafu baada ya saa tatu na dakika arobaini unaanza kwenda chini. Siwezi kuchapisha hicho kama kipimo. Ila nimekiona.

Agosti, mwanzoni: mpito wa pili

Huu ndio. Siku 11 baadaye, katikati saa saba kasorobo usiku, nyota iko juu kabisa, karibu digrii 61, hewa nyembamba, upepo umelala toka saa mbili. Baridi ilikuwa kali, tulivaa kila kitu tulichokuwa nacho na mpwa wangu alijifunga blanketi. Tulipiga bila kusimama kuanzia saa nne na nusu mpaka saa tisa kasoro.

Asubuhi sikulala, nikakaa kwenye data. Nukta moja moja bado zinacheza kama asilimia 0.4 na sehemu kubwa ya hiyo ni hewa, kumetameta kwa nyota tunakokuona kwa macho ndiko hukohuko, na lenzi yenye mdomo wa sentimita saba haiwezi kukwepa hilo. Ila ukichukua fremu kumi kumi ukatafuta wastani, mtawanyiko unashuka mpaka kama asilimia 0.12 na hapo grafu ikatoka.

Jamani. Mstari umenyooka, saa sita kasoro kama dakika kumi unaanza kushuka, unashuka kwa dakika ishirini na kitu, unafika chini, chini penyewe hapajanyooka pana mviringo kama sahani, alafu unapanda na kurudi palepale ulipoanzia. Niliangalia ile grafu kwa muda mrefu. Ule mwanga ulitoka kwenye nyota miaka 64 iliyopita, ukapungukiwa njiani mwanzo kabisa kwa sababu kuna dunia nzima ya gesi ilikuwa imekaa mbele, na huo upungufu ukasafiri na mwanga miaka yote hiyo mpaka ukaingia kwenye lenzi shambani Hombolo.

Ule mviringo wa chini una maana yake. Nyota haing'ai sawasawa uso mzima, katikati inang'aa zaidi na kingoni ni hafifu, kwahiyo sayari ikiwa kingoni inaziba mwanga mdogo na ikisogea ndani inaziba mwingi. Na hapa sayari haipiti katikati kabisa ya nyota, inakata juu kidogo, kama theluthi mbili ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni, ndiyo maana kuingia na kutoka kwake kunachukua muda mrefu kulinganisha na mpito wote.

Agosti, katikati: mpito wa tatu

Siku 20 toka ule wa kwanza, katikati saa nne kasorobo, imewahi kama hesabu ya mpwa wangu ilivyosema. Umetoka vizuri, umezidiwa na ule wa pili kidogo. Kilichonifurahisha ni kupanga grafu zote juu ya moja, ile nusu ya kwanza na hizi mbili. Kwa kuwa nyota ina madoa, mwanga wake wa kawaida sio uleule kila usiku, kwahiyo kila usiku naugawanya kwa wastani wake wenyewe wa nje ya mpito kabla ya kuunganisha. Ukifanya hivo zinakaa.

Agosti, mwishoni: hesabu

Kina cha mshuko nilichopata ni asilimia 2.45, kosa la kupima likiwa kama 0.2 juu na chini. Kina ni uwiano wa maeneo, eneo la duara la sayari kwa eneo la duara la nyota, kwahiyo kipeuo chake cha pili kinakupa uwiano wa upana: 0.157. Sayari ni karibu asilimia 16 ya upana wa nyota yake. Jupita mbele ya jua ni kama asilimia 10.

Kuja kwenye kilomita lazima ujue nyota yenyewe ni kubwa kiasi gani, na hapo ndo nimejifunza jambo ambalo nilikuwa sijalipa uzito: kwa njia hii radius ya sayari haiwezi kuwa sahihi kuliko radius ya nyota. Wengine wanaiweka nyota hii kwenye 0.756 ya jua, na timu iliyoipima moja kwa moja kwa darubini za CHARA kule Mlima Wilson, California, ilipata 0.805. Nikichukua 0.78 katikati yake, sayari inakuwa na radius ya kilomita 85,000 kasoro kidogo, yaani 1.19 ya Jupita. Nikichukua 0.756 nashuka 1.15. Makala nyingi zinasema 1.13 au 1.14. Tuko humohumo.

Umbali alipiga mpwa wangu kwa mkono, kanuni ya tatu ya Kepler, ile inayounganisha muda wa mzunguko na umbali, kipindi siku 2.2186 na uzito wa nyota kama 0.8 ya jua. Jibu: 0.031 ya umbali wetu na jua, kilomita milioni 4.6. Zebaki, sayari ya kwanza kabisa kwetu, iko milioni 58. Yaani unaweza kupanga umbali huo mara kumi na mbili kabla hujaifikia Zebaki. Mwendo wake unatoka hapohapo, kilomita 152 kwa sekunde, dunia yetu inaenda 30. Na ukisimama pale (hakuna pa kusimama, ni gesi tupu, lakini chukulia), nyota inajaza digrii 13 za anga, upana wa mara 25 wa jua tunaloliona hapa.

Joto: nyota ina kama 5,050 kwa kipimo cha Kelvin, umbali huo, chukulia sayari inameza mwanga wote na kuusambaza sawa. Inatoka 1,220 hivi, nyuzi karibu 950 za kawaida. Aluminiamu inayeyuka kwenye 660. Mpwa wangu aliirudia mara mbili akidhani kakosea sehemu.

Septemba

Nimeshusha data ya TESS, ile setilaiti ya NASA iliyorushwa 2018, data yake iko wazi mtu yeyote anachukua. Nyota yetu nayo ilishapigwa. Nimeweka grafu yao chini ya yangu kwa kipimo kimoja na kwa kweli ni uzuri mtupu, mstari wao ni mwembamba kama uzi, hauna hewa ya kuusumbua, lakini mshuko ni uleule, muda uleule, kina kinaangukia ndani ya kosa langu la kupima. Hicho ndicho nilichokitaka.

Mwezi huu pia nimesoma sana kuhusu sayari yenyewe, na naandika hapa yale ambayo nadhani mtu akisoma shajara hii angetaka kujua.

Haijizungushi kwa uhuru. Mvuto wa nyota umeifunga, upande mmoja ni mchana daima na mwingine ni usiku daima. 2007 kina Heather Knutson walitumia darubini ya angani ya Spitzer wakaiangalia kwa zaidi ya saa 30 mfululizo na kutengeneza ramani ya joto, ramani ya kwanza kabisa ya sayari iliyo nje ya mfumo wetu. Unategemea upande wa usiku uwe barafu si ndiyo? Walikuta upande wa baridi una kama nyuzi 700 na wa joto kama 940. Na sehemu ya moto kuliko zote haiko chini ya nyota moja kwa moja, imesukumwa mashariki. Maana yake kuna upepo unaobeba joto kulizungusha, na baadaye watu walikuja kuupima huo upepo wenyewe, kama kilomita 2 kwa sekunde. Kwa sekunde. Nilipokuwa nalalamikia upepo wa Dodoma nilikuwa sijafika kwenye ukurasa huo.

Rangi yake ni bluu. 2013 kina Tom Evans walitumia darubini ya angani ya Hubble wakapima mwanga wa nyota na sayari kwa pamoja, sayari ilipojificha nyuma ya nyota mwanga wa bluu ukapungua na wa kijani haukupungua, kwahiyo bluu ilikuwa inarudishwa na sayari. Sio bahari. Ni ukungu wa juu wenye chembe ndogo sana, inadhaniwa ni silikati, familia moja na mchanga na vioo. Hapo ndipo ilipotoka ile habari inayosambazwa kwamba kule kunanyesha mvua ya vioo inayoenda ubavuni. Mimi naona tuiseme kwa uangalifu. Ukungu umepimwa, upepo umepimwa, lakini mvua yenyewe ni hitimisho la watu kutokana na hivyo viwili, hakuna aliyeiona ikinyesha. Sayari hii ina maajabu ya kutosha yaliyothibitishwa.

Mfano huu wa 2024: darubini ya James Webb ilikuta haidrojeni salfaidi kwenye hewa yake, gesi ile ya harufu ya yai viza, pamoja na maji, kaboni dayoksaidi na kaboni monoksaidi, na methani ambayo watu walishasema ipo, Webb haikuiona kwa kiwango cha maana. Vyote hivyo vimesomwa kwenye mshuko uleule wa asilimia 2.4, ila wao wanautazama rangi kwa rangi, wanaangalia kwenye rangi gani mshuko unazidi kidogo, maana hapo kuna gesi fulani inayonyonya.

Na inavuja. 2011 Hubble ilikuta haidrojeni inatoroka kutoka juu yake, angalau tani 1,000 kwa sekunde, na saa kama 8 kabla nyota ilikuwa imelipuka mwako mkali wa eksirei. 2010 walikuwa wameangalia hawakuona kitu. Kwahiyo hali ya hewa ya juu ya sayari hii inabadilika kwa hasira za nyota yake. Sayari haitaisha kwa hilo, ni kubwa mno.

Swali la ilifikaje pale halina jibu moja. Gesi nyingi hivo haijikusanyi jirani na nyota, joto haliruhusu, wengi wanakubaliana ilizaliwa mbali ikaingia ndani baadaye. Kuna wanaosema ilisukumwa taratibu na diski ya gesi na vumbi iliyomzunguka mama yake wakati bado mchanga, na kuna wanaosema ilirushwa kwenye njia ndefu kama yai na mvuto wa nyota ukaikunja ikawa duara. Kwa hii yetu, njia yake imelala sambamba na mzunguko wa nyota, karibu digrii sifuri. Mi naegemea upande wa diski kwa sababu ya hilo, ingawa jirani kama huyo aliyekaribia hivi anaweza pia kunyooshwa na mvuto baada ya muda mrefu, kwahiyo sio ushahidi wa kufunga kesi.

Oktoba

Nyota inazidi kulala magharibi mapema, msimu wake kwa mwaka huu umeisha. Vipimo vya ule mpito wa pili na wa tatu navituma kwenye hifadhi ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, wanapokea kazi za watu kama sisi, na kinachohitajika hasa ni ule muda wa katikati ya mpito. Darubini kubwa zikitaka kuitazama sayari lazima zijue dakika itakapopita, na muda huo unabaki sahihi kwa sababu kuna watu wanaendelea kuupima.

Sasa lengo jipya kabla mvua za Desemba hazijaanza: WASP-18b, iko kusini kabisa kwenye kundi la Finiksi, kwetu inapanda vizuri miezi hii. Hiyo ni nzito, mara 10 hivi ya Jupita, na mwaka wake unaisha kwa saa 22.6, haifiki hata siku yetu moja. Ugumu ni kwamba nyota yake ni magnitudi 9.3 na mshuko ni asilimia moja tu, kwahiyo kwa mpito mmoja lenzi yangu haitaona kitu cha kuaminika. Faida yake ni kwamba inawahi kwa saa moja na dakika 24 kila siku, unaweza kuipata usiku kadhaa mfululizo, na mizunguko 17 ni siku 16 karibu kamili. Mpango ni kupiga mipito mingi na kuilaza yote juu ya moja mpaka mtawanyiko ushuke.

Mpwa wangu amerudi shule ila kanitumia ratiba yote ya Oktoba na Novemba, saa zimeandikwa kwa mkono kwenye daftari la mahesabu kapiga picha. Ya kwanza ni Alhamisi, inaanza saa tatu na robo usiku. Betri iko kwenye chaji.